Mzee wa nani?

Mwaka jana shangazi yangu alitimiza miaka 60. Wiki chache baadaye nilimsindikiza hospitali kupima presha. Karibu na dirisha la kujiandikisha palikuwa na kibao kinachosema wazee wapewe nafasi kwanza, na muuguzi, binti mpole kabisa, akamwita: "Bibi, karibu huku, foleni yako ni hii." Shangazi akageuka kumtafuta huyo bibi anayeitwa. Alipong'amua, akauliza kwa sauti iliyofika hadi benchi la mwisho, "Mimi? Mzee wa nani?" Akaketi na wengine, tukasubiri saa mbili na nusu.

Tulicheka njia nzima kurudi nyumbani. Lakini kadiri nilivyolifikiria lile swali, niliona lina mizizi mirefu kuliko maringo ya mwanamke anayeficha mvi kwa piko. Kwa Kiswahili mzee huwa ni wa mtu. "Mzee wangu" ni baba yangu. "Wazee wangu" ni walionizaa. Kuna mzee wa kanisa, mzee wa baraza, mzee wa mtaa. Novemba 1978, Mwalimu Nyerere alipotangaza kwamba Tanzania itampiga Idi Amin, alikuwa akizungumza na wazee wa Dar es Salaam, na hakuna aliyeuliza vyeti vyao vya kuzaliwa. Mzee alikuwa ni mtu mwenye watu wake.

Uzee wa dirishani ni kitu kingine. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inasema mzee ni mtu wa miaka 60 na kuendelea, na kwa kipimo hicho sensa ya 2012 ilihesabu zaidi ya wazee milioni 2.5 Tanzania. Sikatai kwamba serikali inahitaji namba, maana huwezi kupanga bajeti ya dawa kwa kuuliza kila mtu amejaliwa wajukuu wangapi. Ila tukumbuke namba za namna hii zilitoka wapi. Ujerumani ya Kansela Bismarck ilipoanzisha pensheni ya uzee mwaka 1889, umri uliowekwa ulikuwa miaka 70. Ukashushwa hadi 65 mwaka 1916. Mtumishi wa umma wa Tanzania anaweza kustaafu kwa hiari akiwa na 55, na kwa lazima akiwa na 60. Hizi ni hesabu za hazina. Magoti ya mtu, akili yake na hamu yake ya kufungua duka asubuhi havimo. Shangazi ana duka la vitenge, na siku aliyofikisha 60 alilifungua saa moja kama siku nyingine zote.

Lugha yenyewe imejaa mitego. Mwanamuziki akizeeka tunamwita "mkongwe", na hiyo ni sifa. Bibi wa kijijini akizeeka gazeti linamwita "kikongwe", na ki- hiyo inampunguza kimo. Ukitazama vizuri, hata "kijana" amevaa ki- hiyohiyo. Aliye katikati peke yake ndiye "mtu mzima", kana kwamba wengine wote ni nusu. Na salamu yetu ya heshima, shikamoo, ambayo inasemwa asili yake ni kushika miguu ya mkubwa, siku hizi kuna watu wa miaka 45 wanaoikwepa kama deni: "Acha bwana, unanizeesha!"

Hofu hiyo ya kuzeeshwa si mzaha mtupu. Mtafiti Becca Levy wa Marekani alifuatilia majibu ya watu 660 wa mji mdogo wa Oxford, Ohio, waliokuwa na miaka 50 na zaidi walipohojiwa mara ya kwanza miaka ya 1970. Mwaka 2002 yeye na wenzake walichapisha matokeo: waliouona uzee wao kwa jicho zuri waliishi wastani wa miaka 7.5 zaidi ya waliouona kwa jicho baya, hata baada ya kuzingatia afya na kipato chao. Mtu anaweza kubishana kipi kinasababisha kipi, na ana haki. Lakini inaonekana jinsi jamii inavyoutaja uzee huingia mwilini mwa anayeutajiwa.

Kabla ya kwenda mbali, kuna fundo la kufungua. Kijiweni utasikia hadithi mbili zinazogombana. Ya kwanza inasema zamani watu waliishi miaka mia kwa sababu walikula vyakula vya asili. Ya pili inasema zamani watu walikufa wakiwa na miaka 35, kwa hiyo wazee ni jambo jipya. Zote mbili zinaangushwa na hesabu ndogo. Chukua watoto kumi wa kijiji cha zamani. Wanne wanakufa na surua au malaria kabla ya kuvuka mwaka mmoja au hapo karibu. Sita wanaobaki wanafika 65. Jumlisha, gawanya kwa kumi: wastani ni miaka 39 na ushei, ingawa hakuna hata mmoja aliyekufa akiwa na miaka 39. Maisha mafupi ya takwimu za zamani kwa sehemu kubwa ni makaburi ya watoto. Wazee walikuwepo siku zote.

Tena walikuwepo kwa kazi. Kando ya Ziwa Eyasi, kaskazini mwa Tanzania, Wahadzabe wameishi kwa kuwinda, kurina asali na kuchimba mizizi. Miaka ya 1980 watafiti Kristen Hawkes, James O'Connell na Nicholas Blurton Jones walianza kuwafuatilia, wakihesabu nani analeta chakula gani na kwa saa ngapi. Kilichowashangaza ni mabibi. Wanawake waliokwisha kukoma hedhi walitumia muda mrefu wakichimba mizizi migumu ardhini, mara nyingi mrefu kuliko wanawake vijana. Mama akijifungua na kupunguza safari za porini, afya ya mtoto aliyeachishwa ziwa ilienda sambamba na bidii ya bibi. Kutokana na hayo wakatoa hoja ambayo wanasayansi bado wanaijadili: kwamba binadamu anaishi miaka mingi baada ya uzazi kukoma kwa sababu, vizazi na vizazi, wajukuu wa bibi mchapakazi ndio waliopona. Mwanamke wa Kihadzabe aliyefika miaka 45 angeweza kutarajia takriban miaka 20 mingine. Hiyo si miaka ya kuota jua barazani. Ni miaka ya mti wa kuchimbia mkononi.

Mimi naona hapa ndipo tulipokosea katika mahubiri yetu kuhusu "kuwaheshimu wazee". Heshima tunayo ya kumwaga. Tumpishe kiti kwenye daladala, tumwamkie, tumwekee mkeka kivulini, tumpelekee chai, halafu tuendelee na mambo yetu. Kilichounganisha vizazi hakikuwa heshima peke yake. Vilikuwa ni kuhitajiana, kufanya kazi pamoja na, jambo tunalolisahau, kutaniana.

Ukikulia kwenye nyumba yenye bibi unajua. Bibi anamwita mjukuu wake wa kiume "mume wangu". Anamnunia akienda kucheza bila kumuaga, anamlalamikia mbele ya wageni kwamba hamletei hata kitenge. Babu naye ana "mchumba" wa miaka minne anayemnyang'anya kipande cha muhogo mdomoni. Jaribu utani huohuo kati ya baba na binti yake uone uso wa baba utakavyokunjamana. Radcliffe-Brown, mwanaanthropolojia wa Uingereza aliyeandika kuhusu utani mwaka 1940, aliliona hili katika jamii nyingi: kizazi na kizazi kinachofuatana huwa na mvutano, kwa sababu mmoja ana wajibu wa kumrekebisha mwingine na huyo mwingine anangoja kuchukua nafasi yake. Kizazi kinachorukwa hakina vita hiyo. Babu hamnyang'anyi mjukuu kitu, na mjukuu hamwadhibu babu. Kwa Wakikuyu mambo yamefika hadi kwenye majina: mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la baba wa baba yake, kwa hiyo bibi anapomwita mjukuu aje kula anaita jina la mumewe.

Utani huo ulikuwa na kazi. Mtoto aliyeogopa kumwambia mama yake jambo alimwambia bibi. Aibu ya mwili, habari za hedhi, kijana anayemfuatafuata njiani, vyote vilipitia kwa bibi vikiwa vimefunikwa kwa vicheko. Pwani walikwenda hatua moja mbele: msichana aliwekewa somo, au kungwi, mwanamke mkubwa ambaye hakuwa mama yake, wa kumfundisha na kumsimamia hadi ndoani na hata baada ya ndoa. Uhusiano huo ulidumu. Mwanamke wa miaka 40 aliyegombana na mumewe bado alikuwa na somo wa kumkimbilia. Leo mjini kungwi hukodiwa kwa ajili ya kichen pati. Anafika na kipaza sauti, anasema maneno makali ukumbi mzima unapiga vigelegele, analipwa, anaondoka. Maneno pengine ni yaleyale. Lakini bibi harusi hana namba yake ya simu.

Sitaki kuuza picha ya kijiji cha zamani kilichojaa upendo. Chukua Wanyakyusa wa Rungwe, walioelezwa kwa kina na mwanaanthropolojia Monica Wilson, aliyefanya utafiti huko miaka ya 1930 pamoja na mumewe Godfrey. Mvulana alipofika miaka 10 au 11 aliacha kulala kwa baba yake, akaungana na wenzake wa rika kujenga vibanda vyao pembezoni. Walipooa walileta wake zao palepale, na mkusanyiko wa vibanda vya watoto ukageuka kijiji kamili. Vijiji vizima vilikuwa vya rika moja! Sababu mojawapo ilikuwa adabu, kwa kuwa mkamwana na baba mkwe hawakupaswa hata kuonana uso kwa uso. Mtu wa leo akisikia hivyo atasema hao walitengana kuliko sisi wa nyumba za kupanga Mbagala.

Hawakutengana. Wavulana walirudi kulima mashamba ya baba zao, na jioni walikula kwa mama zao, wakihama kwa kundi kutoka jiko la mama wa mmoja kwenda la mwingine. Baba naye alitoa ng'ombe wa mahari. Wana walipokomaa, ulifika wakati wa sherehe kubwa iliyoitwa ubusoka, ambapo kizazi cha baba kilikabidhi uongozi wa nchi hadharani. Kulala paa moja hakukuwa sharti la kuunganika. Lakini tusijidanganye: baba mwenye ng'ombe ndiye aliyeamua mwanawe aoe lini, na mzee mwenye mali angeweza kujiongezea mke huku kijana akisubiri. Kuhitajiana kwa namna hiyo kulikuwa na makali yake, na vijana wengi waliokwenda kutafuta kazi migodini na mashambani walikuwa wakitafuta pia ng'ombe wasiopitia mikononi mwa baba.

Fedha ya mshahara ililegeza fundo hilo. Simu inamalizia. Kabla ya mwaka 2007, M-Pesa ilipoanza Kenya na mwaka uliofuata kuingia Tanzania, pesa ya bibi ilikuja na mtu. Ilibidi upande nayo basi, au umpe jamaa anayekwenda, naye afike, aketi, ale, aulizwe habari za mjini, aone kwamba paa linavuja. Sasa pesa inafika kwa sekunde na paa halionwi na mtu. Sisemi turudi nyuma. Bibi mgonjwa saa nne usiku hana haja na falsafa yangu, ana haja ya nauli ya bodaboda. Ila muamala umebeba pesa ukaacha ugeni.

Halafu tazama kinachotokea upande wa pili wa simu. Bibi haoni vizuri maandishi madogo. Mjukuu wa darasa la sita ndiye anayesoma ujumbe, ndiye anayejua namba ya siri, ndiye anayekwenda kwa wakala. Kwa ghafla mtoto ameshika ufunguo wa hazina ya nyumba. Wengine hudokoa. Wengi hawadokoi, na hao wanapata kitu ambacho shule haitoi: kuhitajiwa kweli na mtu mzima. Ujumbe wa kitapeli ukiingia, "ile pesa nitumie kwenye namba hii", mtoto anamwambia bibi aufute. Bibi naye anamwambia kwa nini hela isitumike yote siku moja. Hapo kuna kazi ya pamoja, mpya kabisa, na hakuna sera iliyoitunga.

Pasipo kazi hiyo, mzee akabaki peke yake na kiwanja chake, mambo yanaweza kuwa mabaya sana. Usukumani kwa miaka mingi wanawake wazee wameuawa kwa tuhuma za uchawi, na macho mekundu yakihesabiwa kuwa ushahidi. Macho mekundu ya mwanamke aliyepika miaka hamsini kwa kuni na kinyesi cha ng'ombe kwenye kijumba kisicho na dirisha ni moshi, hayana siri nyingine. Nyuma ya tuhuma mara nyingi kuna mjane mwenye ardhi, ndugu wanaoitamani na mpiga ramli chonganishi anayelipwa kutaja jina. Haya yametokea katika jamii ileile inayojisifu kwamba "sisi hatuwatupi wazee kama Wazungu". Tena makazi ya wazee wasiojiweza tunayo: Nunge kule Kigamboni, Fungafunga Morogoro, Kolandoto Shinyanga. Wanaoishi humo wana ndugu mahali fulani.

Fedha ya umma inasaidia zaidi ya mahubiri, nami ningependa tuijadili kwa sauti kubwa. Aprili 2016 Zanzibar ilianza kumlipa kila mwenye miaka 70 na zaidi shilingi 20,000 kwa mwezi, bila kuuliza kama alikuwa mtumishi wa serikali au mvuvi wa Nungwi. Baadaye kiwango kikapandishwa hadi 50,000. Kenya nayo, kupitia mpango wa serikali wa Inua Jamii, ilifungua mlango kwa wote wa umri huo mwaka 2018, shilingi 2,000 za Kenya kwa mwezi. Ni pesa kidogo. Lakini bibi mwenye chake anamtuma mjukuu dukani na kumwambia abaki na chenji, na chenji hiyo ina uzito wake katika siasa za nyumba.

Mfano unaonifurahisha kuliko yote uko Harare, Zimbabwe. Mwaka 2006 daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda, katika nchi yenye madaktari wa fani yake wachache mno, alitaka kuanzisha huduma katika kitongoji cha Mbare, na alichopewa kilikuwa mabibi 14 wa kujitolea na nafasi ya nje ya kliniki. Akaweka benchi chini ya mti. Mwanzoni aliliita benchi la afya ya akili, watu wakalikimbia. Mabibi ndio waliosema liitwe benchi la urafiki. Hawakutumia maneno ya kitabibu. Walitumia neno la Kishona, kufungisisa, yaani kufikiri kupita kiasi, na hatua ya kwanza waliiita kuvhura pfungwa, kufungua fikra. Utafiti wa watu 573 uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba baada ya miezi sita, dalili za sonona zilibaki kwa asilimia 14 tu ya walioketi na mabibi, wakati kwa waliopata huduma ya kawaida zilibaki kwa asilimia 50. Mpango huo umevuka mipaka hadi Malawi na Zanzibar.

Angalia jinsi ulivyofanya kazi. Hakuna aliyewaambia vijana wa Mbare wawaheshimu mabibi. Bibi alipewa kazi ngumu, mafunzo na benchi, na kijana alikuja kwa sababu alikuwa na shida. Kule Ndalat, Kenya, mkunga wa jadi Priscilla Sitienei aliingia shule ya msingi akiwa na zaidi ya miaka 80, akaketi darasani na watoto, baadhi yao aliowapokea yeye mwenyewe duniani. Alijifunza kusoma pamoja nao, naye aliwasimulia hadithi na mila za kwao. Alifariki mwaka 2022 akiwa na miaka 99, bado mwanafunzi. Waholanzi nao, kwenye nyumba ya wazee Humanitas mjini Deventer, huwapa wanafunzi wa chuo vyumba bila kodi kwa sharti la saa 30 kwa mwezi za kuwa majirani wema. Vyuo vyetu vina uhaba wa vyumba, na kuna wajane wenye nyumba za vyumba vitano jirani na karibu kila kampasi.

Nirudi hospitali. Katika zile saa mbili na nusu, binti mmoja aliketi karibu na shangazi akiwa na mtoto mchanga anayelia bila kukoma. Shangazi alivumilia dakika kumi, kisha akasema, "Lete hapa." Akamlaza mtoto kifudifudi mapajani, akampapasa mgongo, mtoto akacheua na kunyamaza. Binti naye akaanza kulia. Sikusikia waliyozungumza, nilikuwa nimetumwa maji. Niliporudi walikuwa wanabadilishana namba za simu, na binti alikuwa anamwonyesha shangazi jinsi ya kupiga picha za vitenge na kuziweka kwenye stetasi ya WhatsApp. Siku hizi anamuuzia, kwa kamisheni, na shangazi analalamika kwamba mpwa wake mwenye shahada hakuwahi kumfikiria hivyo. Mwezi uliopita tulirudi kupima presha. Muuguzi yuleyule akaita wazee wapite. Shangazi hakusikia, alikuwa kwenye simu na yule binti, wanabishana bei ya doti.